Kupanda kwa Fedha, Kushuka Bure

Tope lililoingia katika sikio langu la kushoto siku ya Ijumaa halijatoka lote hata leo, na kila nikiinamisha kichwa kulitikisa naisikia tena sauti ya mama mkwe wangu, aliyekuwa akipalilia maharage yake kwa utulivu chini ya mteremko, akiijibu salamu yangu kwa murua ulioniumiza kuliko tusi. Nilikuwa nimelala chali katikati ya matuta yake, kanzu niliyotoka nayo msikitini imepanda hadi mabegani, magurudumu manne yanazunguka hewani kando yangu, na kwa kuwa adabu haimwachi mtu hata akiwa miguu juu, nilisema, "Shikamoo, mama." Akaegemea jembe lake, akageuza uso pembeni kwa staha, akasema, "Marahaba, baba. Siku hizi njia ya kuja kwetu ni hii?"

Juu, ukingoni mwa njia, walikuwa wamesimama jamaa waliotoka kuswali nami, na mbele yao muuzaji aliyekileta chombo kile kutoka mjini, naye alikuwa bado akipaza sauti kuniusia nisiiguse breki, nasaha njema kwa hakika, ila ilifika baada ya kazi kwisha.

Shamba lenyewe liko katika milima ya Usambara, juu ya Lushoto. Aliyewahi kupanda kutoka Mombo anaijua ile barabara ya kilomita 33 inayojipinda ukingoni mwa korongo hata abiria akaona afadhali afumbe macho. Basi sisi tunaanzia pale ambapo barabara hiyo imekwisha kukata tamaa. Ni ekari mbili zikipimwa kwa ramani, lakini zikipimwa kwa magoti ni kumi. Mbolea hushuka, kabichi na viazi hupanda, na katikati ya safari hizo mbili ndipo lilipozaliwa wazo la kununua pikipiki ya magurudumu manne, ambayo muuzaji aliisifu kwa ufasaha wa mshenga.

Alianza kwa tarehe. Akanieleza kwamba vyombo vya jinsi hii Honda waliviuza kwanza mwaka 1970 vikiwa na magurudumu matatu, manene na mororo, yenye upepo haba, hata hayakuhitaji springi, kwa kuwa mpira wenyewe ndio uliomeza mashimo. Kwamba watu wengi waliumia, watoto wakiwamo, hata mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza vya matatu huko. Na kwamba hiki changu kina la nne, kwa hiyo hatari imeondoka. Alilitamka hilo la nne kana kwamba lilikuwa na roho ya ulinzi. Hakunieleza kwamba magurudumu hayo hutakiwa upepo wa paundi tano hivi, ilhali yeye, ili yapendeze machoni, alikuwa ameyajaza hadi yakalia ukiyagonga kwa kidole, na mpira mgumu juu ya udongo mwekundu uliolowa haushiki kitu.

Kupanda, nakiri, kulikuwa uzuri mtupu. Nilipanda na kushuka kijisehemu cha juu mbele ya hadhara, nikapigiwa makofi, tukafunga gunia la samadi kwenye kichanja cha nyuma, nikauelekeza uso wa chombo bondeni kwa taadhima yote. Hapo ndipo kilipoponyoka, na sababu ya kuponyoka kwake ni ya ajabu kiasi kwamba nimekesha nikiitafakari huku nikikandwa mgongo kwa maji ya moto.

Chombo hiki hakina gia za kuhesabu. Ndani ya kifuniko cha ubavuni mna puli mbili, moja imeshikamana na injini na nyingine huendesha magurudumu, na mkanda mmoja wa mpira huziunganisha. Kila puli ni sahani mbili zilizoelekezana, nyuso zake za ndani zimekatwa mshazari, nazo zaweza kukaribiana na kuachana. Injini ikivuma, vizito vidogo vilivyomo katika puli ya kwanza hutupwa nje na mzunguko, huzisukuma sahani zikaribiane, na mkanda, kwa kubanwa, hupanda kuelekea ukingoni. Na wakati uo huo sahani za puli ya pili hufunguka, mkanda ukazama kuelekea katikati yake, hivyo mwendo hubadilika wenyewe kidogo kidogo, pasi na klachi ya kushika wala namba ya kutia. Mtu aliyebuni jambo hili alijaaliwa akili, nami sina husuda naye. Lakini ukiachia mafuta, injini ikatulia, vizito navyo hurudi mahali pake, sahani huachana, mkanda hulegea, na hapo injini na magurudumu huwa wamekwisha kutalikiana, kila mmoja kwao. Penye uwanda talaka hiyo haina madhara kwa mtu. Mlimani, pikipiki ya gia za kawaida ukiiacha katika namba moja hushuka kwa kujizuia, maana magurudumu hulazimika kuizungusha injini, nayo injini haitaki. Ilhali chombo changu kilipoachiwa mafuta kilikuwa huru kabisa, kikaufuata mteremko kwa hiari yake. Wako watengenezaji wanaotia ndani beringi inayozunguka upande mmoja tu, ili magurudumu yakitaka kuitangulia injini yashikwe na kurudishwa adabuni. Changu hakikuwa nayo, na muuzaji, nilipomwuliza baadaye, alisema hilo ni la matoleo ya ghali.

Ikabaki breki. Ya mkononi ilikuwa imelegea, ya mguu ikashika magurudumu ya nyuma peke yake. Na kwa kuwa chombo kinaposhuka uzito wote huhamia mbele, yale ya nyuma yalikuwa mepesi, yakafunga, yakaanza kuteleza, na gurudumu lililofunga halifuati tena usukani bali huenda lipendako, nalo lilipenda kwenda ubavuni. Chombo kikakaa kimeukingama mteremko. Hebu tundika timazi ya mwashi kutoka kwenye kitovu cha uzito: maadamu uzi waangukia baina ya magurudumu, umesimama, ukitoka nje ya gurudumu la chini, hata kwa upana wa kidole, hakuna dua. Nami nilikuwa nimeketi juu, gunia la samadi limefungwa juu zaidi, na sote wawili tulikuwa tukikiinua kitovu hicho kwa bidii. Samadi, angalau, iliwafikia waliostahili: maharage ya mama mkwe yamestawi tangu siku ile kuliko yangu.

Majaribio mengine sina haja ya kuyarefusha. Guta la magurudumu matatu lilipakiwa kabichi nyuma ya ekseli, likafika penye mwinuko, gurudumu la mbele likapaa na dereva akabaki akiyatazama mawingu. Land Rover kuukuu iliishia pale njia inapokuwa ya miguu, na kuku wanataga ndani yake mpaka leo. Punda alikubali kupanda, akakataa kushuka, na sasa namwona kuwa ndiye pekee katika msafara wetu aliyekuwa na elimu.

Hapa, hata hivyo, kicheko kinanikauka. Kwenye kichanja cha chombo kile pamebandikwa karatasi inayotaja uzito usiopaswa kuzidishwa, na karatasi hiyo iliandikwa na mtu asiyeijua lumbesa. Sheria yasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Dalali anayepandisha gari kutoka Dar es Salaam hataki kulisikia gunia la namna hiyo, anataka lumbesa, yaani gunia lililovishwa kilemba, limeshonewa kipande juu, limefura kupita kiasi, na bei ni ileile ya gunia moja. Kisha hukata bei hiyo kwa hoja kwamba njia yetu ni mbovu. Muuzaji wa mashine naye huongeza bei yake kwa hoja iyo hiyo, kwamba njia yetu ni mbovu na twahitaji chombo chenye nguvu. Ubovu mmoja wa njia hulipwa mara mbili, na mlipaji ni yule yule.

Wala si jambo jipya. Tangu mwaka 1946, Waingereza walipoanzisha mpango wao wa kuhifadhi udongo huko Mlalo na kuwashurutisha watu kuchimba matuta waliyoyachukia, mlima huu umekuwa ukipokea majibu ya watu ambao hawakupata kuuliza swali. Viwanda vyatengeneza vyombo vya mwanamume anayekwenda kuchezea vumbi siku ya mapumziko, vikavipaka rangi nyekundu, vikasifu jinsi vinavyopanda. Na mzigo wa kweli wa Usambara, ambao ni tenga la mboga kichwani mwa mwanamke mwenye umri wa mama mkwe wangu, anayepanda alfajiri na kushuka na gunia la mbolea akitua mguu mmoja baada ya mwingine juu ya tope, haumo katika hesabu ya fundi yeyote. Hakuna aliyemwendea kumwuliza kinachomchosha. Wangalimwuliza, angaliwaambia kwamba kupanda huchosha, lakini kinachovunja mguu ni kushuka.

Basi, ewe msomaji unayetafuta chombo cha shamba la mlimani, usiulize nguvu za farasi, wala usishughulike na rangi. Uliza jambo moja: mafuta yakiachiwa, ni nini kinachoyashika magurudumu? Kisha punguza upepo, funga gunia la samadi nyuma, umkabidhi muuzaji usukani ashuke yeye kwanza; na fedha zako zikae mfukoni mpaka afike chini akiwa bado ameketi juu ya chombo.