Jinsi ya Kutolewa Raundi ya Kwanza kwa Heshima

Tuanze na hesabu. Mashindano ya mtoano yenye wachezaji 32 hutoa mshindi mmoja na washindwa 31, na 16 kati yao huwa wameshatolewa kabla chai ya saa nne haijapoa. Kwa hiyo mtu wa ridhaa anayelipa kiingilio cha mpira wa vinyoya, akaamka alfajiri ya Jumamosi na kukata foleni kutoka Mbagala hadi Upanga akiwa na raketi mbili mgongoni, karibu hakika amelipia kushindwa. Ajabu ni kwamba mwaka mzima tunafanya mazoezi ya smashi. Mazoezi ya kushindwa, ambayo ndiyo yatakayotumika, hatuyafanyi hata siku moja.

Kwanza mtambue anayekuja kukutoa. Usihangaike na kijana mwenye misuli na mkoba wa raketi sita. Huyo mara nyingi ni ndugu yako katika msiba: atapiga kwa nguvu zote, nusu zitaishia wavuni, na mtatoana jasho bila aibu. Wa kuogopwa ni mzee. Utamkuta kwenye benchi anafunga bendeji gotini, taratibu, ndani ya fulana ya mashindano ambayo maandishi yake yalishafutika. Adabu inakutaka umpe shikamoo kabla ya kupiga kura ya nani aanze, na ukishampa, umeshainamisha kichwa na pointi haijachezwa.

“Marahaba, mwanangu. Tucheze polepole tu, goti hili linanisumbua.”

Goti halimsumbui hata kidogo, kwa sababu halitumii. Korti ya mchezaji mmoja mmoja ni mita 13.40 kwa 5.18, nusu yake ni yako, na hiyo nusu atakuzungusha mpaka uijue ubao kwa ubao. Kinyoya kimoja kona ya nyuma kushoto. Kinachofuata wavuni kulia. Cha tatu umekisoma vizuri kabisa, umeshaanza kurudi nyuma, nacho kinadondoka mbele bila haraka. Mwenyewe hajatoka katikati. Ukianguka, atasogea wavuni na kuuliza, “Umeumia, mwanangu?” Anauliza kwa dhati, na hapo ndipo panapouma.

Kuna pia mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeletwa na mama yake. Huyu ndiye atakayekupa wewe shikamoo. Mwongozo huu hauna dawa yake. Itikia marahaba, shindwa upesi, ondoka kabla mama hajamaliza kurekodi.

Kuhusu upesi, sheria iko upande wako. Zamani pointi ilipatikana na upande ulioanzisha tu, hivyo hata mchezaji dhaifu aliweza kuivuta mechi na kurefusha mateso. Tangu 2006 tunacheza mpaka 21 na kila kinyoya kinachoanguka kina pointi yake, haijalishi nani ameanzisha. Wako wanaoulilia mfumo wa zamani. Mimi naona huu ni rehema. Mpinzani akifika 11 mnapewa sekunde 60 za mapumziko. Wasiojua huzitumia kupanga mbinu. Ukiwa nyuma 11 kwa 4 hakuna mbinu. Sekunde hizo ni za kuandaa sababu.

Sababu ndiyo fani yenyewe. Iwe ya kiufundi, iwe na ukweli ndani yake, na isiwe rahisi kuikagua pale pale ukumbini. Anayesema “sikulala vizuri” bado ni mwanagenzi. Mkongwe huanza na kinyoya. Kina manyoya 16, uzito wake ni kati ya gramu 4.74 na 5.50, na tabia yake hubadilika na hewa: kwenye joto na kwenye miinuko, ambako hewa ni nyepesi, huenda mbali zaidi. Ndiyo maana watengenezaji huvipanga kwa namba za kasi. Basi mchezaji wa Mombasa aliyechapwa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ana sababu ya dhahabu: mipigo yake yote ilikuwa safi, ni hewa ya kule iliyokataa kuizuia isitoke nje. Wa Nairobi akishuka pwani anaigeuza tu sababu hiyo hiyo. Vinyoya vyake vilifia katikati. Fizikia imewatendea haki wote wawili.

Mtu wa Dar es Salaam aliyepigwa Dar es Salaam na mtu wa Dar es Salaam ana kazi zaidi, ila asikate tamaa. Feni za ukumbi huzimwa ili upepo usisumbue kinyoya. Kisha kwa sababu ya joto la kuzimwa feni, madirisha hufunguliwa, na upepo wa bahari unaingia. Upande wako ndio uliokuwa mbaya. Atakayekukumbusha kwamba mlibadilishana pande baada ya seti ya kwanza, mwambie upepo nao ulibadilika.

Tahadhari moja. Lipo jaribio rasmi la kinyoya: unasimama kwenye mstari wa nyuma, unakipiga kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu, na kilicho sawa huangukia kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Usilifanye kabla ya mechi. Utakuwa umejiharibia ushahidi.

Halafu tumia sababu moja tu kwa mechi. Ukitaja kinyoya, taa, viatu, nyuzi na mwamuzi kwa pumzi moja, wasikilizaji wataanza kuhesabu, na sababu zikizidi pointi ulizopata, umekwisha.

Kwenye wawili wawili mambo ni mepesi, kwa kuwa sababu imesimama pembeni yako na ina jina. Kinyoya kikianguka katikati yenu, wahi kusema samahani. Anayeomba msamaha kwanza ndiye watu humwona hana kosa. Mke na mume wanaocheza mchanganyiko wanashauriwa warudi nyumbani kwa daladala tofauti.

Watakuja watu kukuambia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Mtazame vizuri anayeitamka methali hiyo: ana taulo shingoni na anasubiri robo fainali.

Ukihitaji faraja ya kweli, yupo Lee Chong Wei wa Malaysia. Alikaa namba moja duniani kwa miaka, akaingia fainali tatu mfululizo za Olimpiki, Beijing 2008, London 2012 na Rio 2016, na kila mara akatoka na medali ya fedha. Mbili za mwanzo alimkuta Lin Dan wa China. Rio alimtoa Lin Dan kwenye nusu fainali, na fainali ya tatu ikamleta Chen Long, naye wa China. Kabla hujajifananisha naye, kumbuka kwamba hao walikuwa mabingwa wa Olimpiki, na aliyekutoa wewe alikuwa na bendeji.

Kitu kisichosameheka ni kushindwa makusudi. Kwenye Olimpiki ya London 2012 jozi nne za wanawake, moja ya China, mbili za Korea Kusini na moja ya Indonesia, zilitaka kupoteza mechi za makundi ili zipate ratiba nzuri zaidi mbele. Wakawa wanaanzisha kinyoya moja kwa moja wavuni. Ukumbi ulizomea, na zote nne ziliondolewa mashindanoni. Miongoni mwao walikuwemo mabingwa wa dunia, na pamoja na ubingwa wao walishindwa kuupeleka wavuni mpigo wa kuanzisha bila kuonekana wanaigiza. Wewe unaupeleka kwa namna ambayo hakuna mwamuzi aliyewahi kuitilia shaka.

Mashindano mengine yana kombe la faraja kwa waliotoka raundi ya kwanza. Jiandikishe. Ni nafasi ya kutolewa mara mbili kwa kiingilio kimoja.

Wakati unasubiri, mtu wa mezani atakufuata bado unahema, kwani mara nyingi kwenye michezo ya ridhaa aliyeshindwa ndiye hupewa kazi ya kuamua mechi inayofuata. Usikatae. Ukipangiwa mstarini, ishara ni tatu: kinyoya kikianguka ndani, nyoosha mkono wa kulia kuelekea mstari, kikitoka, tanua mikono yote miwili na upaze sauti “nje”, na kama hukuona, funika macho kwa viganja. Hii ya tatu itumie kwa uangalifu siku uliyotolewa, maana watu wanaweza kuja kukubembeleza.