Namna ya Kutengeneza Kengele Isiyolala: Mwongozo kwa Watengenezaji wa Programu wa Amani, Unguja, na Kwengineko

Anayekusudia kutengeneza programu ya kuamshia watu daku aanze kwa kuwajua maadui zake. Saa kumi za usiku simu inataka kulala ili itunze chaji. Mwenye simu amelala. Intaneti imezimwa, kwa sababu bando lisipozimwa usiku asubuhi halipo. Na mtengenezaji mwenyewe amelala fofofo, maana mchana aliijaribu kengele yake mezani, simu iko kwenye waya wa chaji na kioo kinawaka, ikalia, akafurahi. Kengele iliyojaribiwa hivyo haijajaribiwa.

Pia amjue mshindani wake. Mwezi wa Ramadhani, katika mitaa ya Unguja, vijana huzunguka usiku na ngoma kuamsha watu. Hawahitaji chaji, hawahitaji bando, na hakuna aliyewahi kulazimika kuwafungulia mipangilio ili wasikike. Ukikaa Amani, jirani na uwanja wa mpira, ukaandika programu ya kushindana nao, lazima uwe na kitu ambacho wao hawana. Unacho: unaweza kumwamsha mtu mmoja ukamwacha mtoto mchanga wa jirani alale. Mama anayepika utamwamsha saa tisa, na mwanawe anayetosheka na tende na maji utamwacha mpaka saa kumi na nusu. Ni zawadi kubwa hiyo, ila ina sharti moja, ilie.

Tuanze na usingizi wa simu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapozama. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu isiyo kwenye chaji, isiyotikiswa, iliyozimwa kioo, huingia usingizi mzito unaoitwa Doze. Ndani ya usingizi huo programu haziruhusiwi kwenda mtandaoni wala kufanya kazi zao za pembeni. Zinasubiri vidirisha vifupi ambavyo simu huvifungua kisha ikavifunga, na kadiri usiku unavyokwenda ndivyo vinavyokaa mbalimbali. Sasa itazame simu ya mtu wa Amani saa nne za usiku: imewekwa juu ya stuli pembeni ya kitanda, haina waya, haitikisiki, imelazwa kifudifudi ili mwanga usimsumbue mtu. Masharti yote ya Doze yametimia. Ukipanga kengele kwa njia ya kawaida, italia dirisha litakapofunguka, na watu watakuwa wameshanuia.

Zipo njia za kuvuka. Ile ya setExactAndAllowWhileIdle inapita ndani ya usingizi, lakini simu ikiwa imelala programu moja hairuhusiwi kuitumia zaidi ya mara moja katika kila dakika tisa hivi. Basi usiijenge juu yake ile tabia ya kulia tena kila baada ya dakika tano kwa mtu aliyebonyeza "bado kidogo". Kwa daku, kwa dawa, kwa safari ya boti ya asubuhi, tumia setAlarmClock. Hiyo simu inaihesabu kuwa ni kengele ya kweli: inatoka usingizini kabla wakati haujafika, na juu ya kioo kinakaa kialama cha saa ambacho mwenye simu anakiona kabla hajalala. Kialama hicho usikidharau. Bi mkubwa aliyekiona analala akiwa na hakika.

Halafu ruhusa. Android 12 ya mwaka 2021 ilileta ruhusa maalumu ya kengele zinazolia kwa dakika kamili. Android 13 ikaongeza kwamba hata arifa ya kawaida lazima iombewe idhini. Na kuanzia Android 14, programu mpya nyingi zinaanza zikiwa zimenyimwa ile ruhusa ya kwanza mpaka mwenye simu aitoe kwa mkono wake. Play Store inazo programu inazozipa ruhusa ya moja kwa moja, zile ambazo kazi yake kuu ni kengele au kalenda. Kama yako ni miongoni mwa hizo, itumie. Kama si hiyo, omba kwa adabu na kwa maneno yanayoeleweka. Usimwandikie mtu "Ruhusu upangaji wa kengele kamili". Mwandikie: "Bila ya ruhusa hii tunaweza kukuamsha jua limeshatoka." Atabonyeza. Na kila programu inapofunguliwa angalia kama ruhusa bado ipo, kwa sababu inaweza kuondoshwa na wewe usipigiwe hodi.

Kisha kuna umeme. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilikaa karibu miezi mitatu gizani baada ya waya wa chini ya bahari kutoka bara kuharibika, na aliyekuwepo anakumbuka simu zilivyopelekwa kuchajiwa palipo na jenereta. Waya mpya wa megawati 100 umekuwepo tangu 2013, lakini chaji bado inakwisha, umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, bado unamalizikia usiku, na simu bado zinazimika. Simu ya Android ikizimwa na kuwashwa, kengele zote ulizozipanga zimefutika. Zote! Programu yako ndiyo yenye wajibu wa kusikiliza tangazo la kwamba simu imewaka na kuzipanga upya. Wengi wanalijua hilo, na wengi wanaishia nusu ya njia, maana tangazo la kawaida linakuja baada ya mtu kuingiza namba yake ya siri. Simu iliyojizima na kujiwasha yenyewe saa nane za usiku haijaingizwa namba na mtu. Kwa hiyo sikiliza pia LOCKED_BOOT_COMPLETED, na saa za kengele ziweke katika ile hifadhi inayosomeka kabla ya kufunguliwa. Njia hiyo ipo tangu Android 7. Na kama simu ilikuwa imezimwa wakati wa daku ikawashwa saa tatu asubuhi, usianze kupiga makelele ya daku mbele ya watu waliofunga. Andika kwa utulivu: "Simu ilikuwa imezimwa saa kumi za usiku, hatukuweza kukuamsha."

Sasa nifike mahali ambapo mwongozo wowote uliotafsiriwa kutoka kwa wageni hauwezi kukusaidia. Mtu wa Amani akiambiwa na daktari anywe dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kichwani mwake ni mbili na mbili. Anafungua programu, anakuta duara la saa la kizungu, anabonyeza 2, anafunga. Umempa dawa yake saa nane. Kosa hilo huwezi kumbebesha yeye. Saa aliijua, programu ndiyo haikumjua. Mwekee orodha inayosomeka "saa 11 alfajiri", "saa 2 asubuhi", "saa 2 usiku", na ndani ya programu ugeuze mwenyewe kuwa 05:00, 08:00 na 20:00. Baada ya kuchagua, mwambie kengele italia baada ya muda gani: "Italia baada ya saa tisa na dakika ishirini." Mstari huo mmoja unakamata makosa mengi kuliko maelezo ya kurasa nzima, kwani mtu anayetaka kuamka daku akiona "baada ya saa kumi na tisa" atashituka palepale.

Siku nayo ina hesabu yake. Kwa watu wa pwani siku huanza jua likichwa. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa, ambao kalenda ya simu inauita Alhamisi mpaka saa sita za usiku. Mtu anaweka ukumbusho wa maulidi: usiku wa Ijumaa, saa tatu. Programu inaandika Ijumaa 21:00. Anavaa kanzu, anajipaka mafuta mazuri, anafika, na mazulia yamekunjwa tangu jana. Dawa yake ni kuonyesha maneno mawili yasiyogongana pamoja na tarehe: "usiku wa kuamkia Ijumaa" au "Ijumaa usiku, kuamkia Jumamosi", na kumwachia mtu achague.

Ukija kwenye sala, tupa kabisa mawazo ya kengele inayojirudia kila siku kwa saa ileile. Saa zetu zinafuata mstari wa digrii 45 mashariki, lakini Unguja iko kwenye digrii 39 na dakika 12 hivi, kwa hiyo jua linafika utosini wastani wa dakika 23 baada ya saa sita mchana. Wastani, nimesema. Mwanzoni mwa Novemba linafika kama saa sita na dakika saba, na katikati ya Februari kama saa sita na dakika 37. Nusu saa nzima inatembea ndani ya mwaka, hapahapa kwetu ambako watu husema jua halibadiliki. Piga hesabu kila siku, panga kengele ya sala inayofuata, na ikilia panga nyingine. Kwenye iPhone kuna ukuta mwingine: simu inashika arifa 64 tu zilizopangwa kwa kila programu. Sala tano kwa siku zinakupa siku 12, na asiyeifungua programu yako kwa wiki mbili anapata ukimya bila ya kuambiwa kwa nini. Nafasi ya mwisho iweke arifa inayosema: "Fungua programu leo ili tuendelee kukukumbusha."

Na mtu akisafiri? Wazanzibari wana ndugu Maskati, ambako saa imetangulia kwa saa moja, na London, ambako saa husogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Hapa lazima uulize kengele hii ni ya nani. Sala inafuata jua la pale mtu alipo. Miadi ya hospitali ya Mnazi Mmoja inabaki kwa saa ya Zanzibar hata kama mwenyewe yuko Maskati anamkumbusha mama yake. Dawa ya kila baada ya saa nane haijali saa ya ukutani wala jua, inahesabu tangu kidonge cha mwisho. Ukizihifadhi tatu hizo kwa namna moja, moja au mbili zitaharibika siku ya safari.

Mwezi haupangiki mapema. Ramadhani inaanza Ofisi ya Mufti ikitangaza kwamba mwezi umeandama, na tangazo huja usiku uleule ambao watu wanatakiwa waamke daku. Programu iliyoandikiwa tarehe ndani yake tangu mwaka jana inaweza kuwaamsha watu siku moja kabla au kuwaacha wakalala siku ya kwanza. Weka kitufe kimoja kikubwa, "Mwezi umeandama", na kikibonyezwa kipange daku ya usiku huohuo bila ya kuhitaji intaneti.

Sauti itazame kwa makini. Mtu ameingia msikitini kwa sala ya isha na tarawehe, amenyamazisha simu kama inavyopasa, amerudi nyumbani amesahau. Ikiwa kengele yako inafuata sauti ya mlio wa simu, italia kimyakimya. Iweke kwenye mkondo wa sauti ya kengele, ambao una kipimo chake peke yake, na kabla ya kulala mwonye kama kipimo hicho kiko sifuri. Tangu Android 8 kila aina ya arifa ina mlango wake, na ukishaufungua mlango huo huwezi kuuongezea nguvu tena. Anayeweza ni mwenye simu. Basi usichanganye daku na matangazo katika mlango mmoja. Atakayechoshwa na matangazo ataufunga, na daku yake itakuwa imefungiwa humohumo.

Hapo ndipo ninapotaka kukaza maneno, maana arifa nyingi ni mbaya zaidi kuliko kutokuwa na arifa. Kati ya 2009 na 2010 ulifanyika hapa Unguja utafiti ulioitwa Wired Mothers, wajawazito 2,550 katika vituo vya afya 24. Vituo vingine vilipewa huduma ya ujumbe mfupi na vocha ya kumpigia mkunga, vingine vikaendelea kama kawaida. Ujumbe haukumiminwa: ulikuwa mara mbili kwa mwezi mpaka mimba ifike wiki ya 36, kisha mara mbili kwa wiki. Katika kundi la ujumbe asilimia 60 ya wanawake walijifungua wakisaidiwa na mtaalamu, katika kundi jengine asilimia 47. Ulikuwa ujumbe wa kawaida wa simu za vitochi, bila ya programu wala intaneti, na nyuma yake palikuwa na mtu wa kupigiwa. Kabla hujaandika mstari mmoja wa programu ya miadi ya kliniki, usome utafiti huo. Kisha uweke njia ya ujumbe mfupi kwa siku ambazo simu haitaamka, kwa sababu arifa ya intaneti haimfikii aliyezima data, na itamfikia kesho yake atakapoiwasha, kliniki imeshafungwa.

Unapojaribu, unganisha simu na kompyuta, uilazimishe isinzie kwa amri ya adb shell dumpsys deviceidle force-idle, uone kengele inavyofanya. Hiyo ni ya mchana. Ya usiku ni kununua Darajani simu ya bei nafuu, ile watu wanayoinunua kweli, kwa sababu simu nyingi za namna hiyo zina mlinzi wake wa betri anayezifunga programu kwa ukali kuliko Android yenyewe, na mwenye simu inabidi aonyeshwe, hatua kwa hatua na kwa picha, namna ya kuiondoa programu yako katika orodha ya mlinzi huyo. Weka kengele ya saa kumi, chomoa waya, zima data, iweke kifudifudi, uiache. Programu iandike katika daftari lake saa iliyopangwa na saa iliyolia. Usiku wa pili mpe bi mkubwa wa Kilimahewa ailaze pembeni ya kitanda chake, na asubuhi mwamkie, umuulize saa ngapi aliamka kabla hujalitazama daftari. Majibu yakipishana kwa zaidi ya dakika moja, rudi kwenye meza na usiipandishe programu Play Store.