Sifa za Risasi Katika Mji wa Dhahabu

Watu wa pwani humkumbuka Liyongo, aliyeusifu uta wake kwa ushairi. Mnazi nao umesifiwa kuanzia makuti mpaka makumbi. Huku kwetu Chunya inayosifiwa ni dhahabu, na sina ugomvi nayo: ndiyo iliyowajaza watu katika machimbo ya Lupa miaka ya 1930, na tangu 2019 ina soko lake mjini, ambako hupimwa kwa mizani inayotikiswa hata na pumzi ya muuzaji. Lakini nimeishi jirani na dhahabu miaka mingi, na sijaiona hata siku moja ikiwasha gari saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo mimi leo naisifu risasi. Siyo ile ya bunduki. Nasema risasi iliyosimama mabamba kwa mabamba ndani ya betri ya pikapu yangu, kilo kumi hivi, wala hakuna aliyewahi kuipangia foleni. Tena katika betri zote naisifu ile iliyochoka, kwa sababu nzima haina habari yoyote ya kumpa mtu.

Nasaba yake si haba. Mfaransa Gaston Planté aliiunda mwaka 1859 kwa mabamba ya risasi na asidi, ikawa betri ya kwanza inayoishiwa chaji kisha ikachajiwa tena. Simu zimeshabadilisha betri, kompyuta zimebadilisha, gari langu bado linaamshwa na uvumbuzi huohuo: vyumba sita, kila kimoja volti mbili na chenji. Mwaka 1912 Cadillac walipoanza kuuza gari lenye stata ya umeme, waliwaokoa madereva na hendeli iliyokuwa ikiwavunja mikono. Betri iliyochoka huturudisha kwa upole zama zile, isipokuwa magari ya siku hizi hayana hata tundu la kuchomeka hendeli.

Utamjua mwenye betri mbovu kwa anavyoegesha. Wenzake wanatafuta kivuli, yeye anatafuta mteremko. Mbeya mambo ni rahisi, kila mtaa una mteremko wake. Chunya inabidi uisome ardhi kama mchimbaji anayefuata mwamba. Ukishaupata, unaweka gia ya pili, unakanyaga klachi, gari likishika mwendo unaachia. Mwenye otomatiki asijisumbue. Huyo amenyimwa baraka hii, atabaki na waya zake za kubusti akisubiri mwenye huruma apite.

Na hapo ndipo sifa yake kubwa ilipo. Mwenye betri nzima anazungusha ufunguo, anaondoka, anawaachia watu vumbi. Mimi siwezi. Mama wa mihogo niliyempita jana bila salamu, leo alfajiri ninamwomba asogeze beseni lake ili gari lipite likisukumwa, na shikamoo inatoka yenyewe ingawa kwa umri tunalingana. Vijana wa bodaboda niliowapigia honi, leo nawaita wanangu. Watoto wa mtaa wangu nawajua wote kwa majina, najua nani ana nguvu na nani anashika tu bampa ili ahesabiwe kwenye mgao wa ndizi. Mwenyekiti wa mtaa amejaribu miaka mitatu kukusanya watu kwa filimbi. Betri yangu iliwakusanya kwa sauti moja ya stata: ng'wee, ng'wee, tik.

Huku kwetu barabara ni moja na maradhi ni mawili. Ukitoka Mbeya kwa njia ya Isanga unapanda Kawetere, unapita pale World's End ambapo Usangu yote imetandazwa chini yako, kisha unateremka kuja Chunya kwenye joto. Joto ndilo linalomaliza betri. Mafundi huhesabu kwamba nyuzi kumi zaidi ya 25 hupunguza maisha yake karibu nusu, kwani maji hukauka na mabamba huliwa. Lakini joto lina adabu ya muuaji mzoefu, haliachi alama. Betri yako inaugua Chunya mwaka mzima bila kulalamika, halafu Juni unapanda nayo Mbeya kwenye arusi, unalala, asubuhi nyuzi ziko chini ya kumi, oili imekuwa nzito na asidi imezubaa. Unazungusha ufunguo mbele ya wakwe. Baridi ya Mbeya inasingiziwa mauaji yaliyofanyika Chunya.

Nami niliisingizia yangu. Ilikuwa na miaka minne, na kila Jumatatu baada ya gari kulala siku mbili ilikuwa kimya. Nikafanya kama watu wote: nikamwaga maji ya moto kwenye ule unga mweupe wa vichwani, nikaongeza maji ya betri, nikamlaumu aliyeniuzia, mwishowe nikanunua mpya ya ampea-saa 70. Wiki ya tatu nikaenda msibani Makongolosi kwa lifti ya lori, siku tano. Niliporudi, mpya nayo ilikuwa imelala fofofo.

Fundi umeme aliyekuja alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa mara mbili, na hakuja na spana ya kugonganisha vichwa vya betri ili atazame cheche, ule ubingwa wa gereji nyingi. (Betri inapochaji hutoa haidrojeni, cheche moja pale juu, nayo asidi inakurukia usoni.) Alikuja na mita. Akaichaji betri kwanza, akaiacha itulie, akasoma: 12.6, imejaa. Ingekuwa 12.2 ingekuwa nusu, na 12 kamili ni ya kuombewa. Akaniambia nipige stata naye akitazama: haikushuka chini ya 10, na mpaka wake ni 9.6 hivi. Injini ikiwaka, 14.1, maana yake alteneta inalisha vizuri. Kila swali aliliuliza mara moja, betri ikajibu bila kuzungusha maneno. Sijui mashahidi wangapi mahakamani wanajibu hivyo.

"Mzee, betri haina kosa," akasema. "Unaibiwa."

Akazima kila kitu, akachomoa waya wa hasi, akaiweka mita katikati. Gari lililolala halitakiwi kula zaidi ya miliampea 50. Langu lilikuwa linakula 400. Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja akitazama namba, kwa sababu mwizi akikatiwa njia namba hushuka. Akamaliza fyuzi zote. 400 ileile. Mimi nikaanza kuwaza mambo ya wachawi. Yeye akaingiza mkono nyuma ya dashibodi, akaufuata waya mmoja mwekundu kwa vidole mpaka kwenye kichwa cha betri chenyewe. Redio. Aliyenifungia redio ile aliiunganisha moja kwa moja bila kupitia fyuzi yoyote, na kikuza sauti chake hakikuwahi kulala tangu siku hiyo. Hesabu ikafuata: 400 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 10, kwa siku tano ni karibu 50. Zimebaki 20, tena za kulialia.

Nikakimbilia ile ya zamani, iliyotupwa bandani, nikiwa na toba. Aliichaji usiku kucha, ikasoma 12.5, nikashangilia. Akaifunga kwenye gari, tukapiga stata, ikaporomoka hadi 8. "Hii ilikuwa nzima," akasema, "wewe ndiye uliyeiua." Betri ya gari haikuumbwa ikamuliwe mpaka mwisho, kila ilipokauka, salfeti iliganda kwenye mabamba ikawa ngumu kama ukoko. Niliihukumu kwa kosa la redio, na adhabu yenyewe ikawa ndiyo kosa.

Maadui zake watasema ni sumu. Kweli, na mwenye kuisifu asifiche. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia risasi kwenye damu za watoto wa kijiji. Phyllis Omido, aliyepigana nacho, akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ndiyo maana anapopita yule kijana wa vyuma chakavu na mizani yake, ninamuuliza kwanza anaipeleka wapi, naye huniona mtu wa ajabu. Dhahabu nayo hunaswa kwa zebaki, lakini sokoni haiulizwi.

Kwa sasa ya zamani iko chini ya meza yangu. Haiwezi tena kuzungusha injini, ila taa ndogo ya volti 12 inaiwasha umeme unapokatika, na uzee gani usiopenda kazi nyepesi. Mpya iko garini, redio imepata fyuzi yake, pikapu inawaka kwa mguso mmoja. Bado naegesha nikitazama mteremkoni. Juzi asubuhi nilikuta watoto wanne wamekwisha kuzunguka nyuma, mikono juu ya bodi. Gari likaunguruma lenyewe. Wakatazamana.

"Babu," akauliza yule anayeshikaga bampa tu, "na ndizi?"