Bahari ya Sebuleni kwa Mkazi wa Ruiru

Unataka bahari sebuleni. Nakuelewa, ndugu yangu. Nyumba mpya Ruiru au Thika imekamilika, sofa zimekaa, televisheni imetundikwa, na ukuta mmoja bado uko wazi. Unataka shemeji akifungua mlango asahau hata kusalimia. Nitakuonyesha njia ya mkato, kwa sharti moja: tutadanganya wageni, hatutadanganya samaki.

1. Achana na maji ya chumvi. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, kwa hiyo tangi la lita 200 linakula kilo 7, na kila ukibadilisha maji unanunua nyingine. Usikimbilie chumvi ya jikoni. Ile inayotoka Gongoni na Marereni huvunwa kwa kukausha maji ya bahari kwenye mabwawa. Kalisi hutangulia kuganda, magnesi hubaki kwenye maji machungu ya mwisho, na kinachofika dukani ni chumvi ya kupikia mboga. Samaki wa mwamba anahitaji vyote vilivyoachwa njiani. Juu ya hayo, samaki wa miamba ya pwani yetu hunaswa na wapiga mbizi mmoja mmoja baharini. Kumsafirisha karibu kilomita 500 ndani ya mfuko wa plastiki ili afe Jumanne sebuleni kwako ni ukatili, hata kama ulilipa pesa nyingi.

Ukishikilia kwamba lazima iwe bahari kweli, basi nunua chumvi maalumu ya matangi, ngoja wiki sita tangi likomae, weka konokono mwani ukianza kuota, na samaki wawili wadogo baadaye. Kamwe usinunue yule msafishaji mwembamba mwenye mstari mweusi, anayekula wadudu kwenye miili ya samaki wakubwa: kwako hatapata wateja, atakufa njaa. Jongoo bahari naye akifa anaweza kutoa sumu na kuwamaliza wote. Na usiokote kitu Malindi wala Watamu. Hizo ni hifadhi za bahari tangu 1968.

2. Chukua ziwa badala yake. Hapa ndipo ujanja ulipo. Ziwa Nyasa, ambalo Wamalawi huliita Ziwa Malawi, lina samaki wa mawe waitwao mbuna, na rangi zao zinashindana na za mwamba wowote wa Mombasa. Kuna wa buluu wenye milia myeusi, kuna wa machungwa, na kuna Labidochromis caeruleus, wa manjano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, mwenye ukingo mweusi kwenye pezi la mgongoni. Huzaliana vizuri kwenye matangi, hivyo unaweza kununua waliozaliwa nyuma ya kioo, bila ziwa kupungukiwa. Wanataka maji ya nyuzi 24 hadi 27 na pH ya 7.8 hadi 8.6. Maji ya mito inayoshuka kutoka Aberdare ni laini mno kwao, kwa hiyo weka mfuko wa mawe ya chokaa au matumbawe yaliyosagwa ndani ya kichujio. Maji ya bomba yaache kwenye pipa lililo wazi siku nzima ili klorini itoke. Hita usiikose: Julai ya Ruiru huuma.

3. Jenga mwamba kwa mawe ya Ndarugu. Yamejenga nusu ya nyumba unazoziona barabarani, yatajenga na mapango ya mbuna. Sugua kwa brashi bila sabuni, loweka siku kadhaa, kisha yapange moja kwa moja kwenye sakafu ya tangi kabla ya kumwaga mchanga. Mbuna huchimba. Jiwe lililokaa juu ya mchanga litaporomoka usiku na kupasua kioo.

4. Mchanga mweupe, karatasi ya buluu nyuma, taa nyeupe yenye buluu kidogo, pampu inayopeleka maji huku na huku. Basi, una Diani.

5. Omba uchafu. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, halafu nitrati, ambayo utaipunguza kwa kubadilisha maji kila wiki. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, na hapo ndipo wenye haraka huzika samaki. Wewe tafuta mfugaji wa Thika mwenye tangi lenye afya, mwombe kipande cha sifongo kichafu cha kichujio chake. Kiweke kwenye mfuko pamoja na maji ya tangi lake, panda matatu, na kisikauke mpaka kifike Ruiru. Kibandike ndani ya kichujio chako siku hiyohiyo, halafu ingiza samaki kidogo kidogo huku ukipima amonia.

6. Mwishowe, wajaze. Mbuna wachache hugombana hadi mmoja auawe. Wakiwa kumi na wawili hadi kumi na watano katika lita 200, mbabe hajui amfukuze nani. Dume mmoja kwa majike watatu. Kichujio kiwe kikubwa kuliko unachodhani kinatosha.

7. Kwa usafi, mtafute gogogo, samaki mwenye sharubu anayepekua chini usiku. Konokono usichukue kwenye mifereji ya Mwea: kuna wanaobeba vimelea vya kichocho, na mkono unaoingia tangini ni wako. Mabaki ya chakula punguza kwa kulisha kidogo. Mbuna wengi ni wala mwani. Wape chakula cha mwani na spinachi iliyochemshwa kidogo. Nyama huwavimbisha tumbo. Mama mkwe akitaka kuwarushia chapati, mpe yeye hiyo chapati.

8. Stima ikipotea, washa pampu ya hewa ya betri. Kama huna, chota maji kwa jagi na uyarudishe kutoka juu, kila baada ya dakika chache. Ikikaa saa nyingi, mwaga maji yaliyolala kwenye kichujio kabla ya kukiwasha tena, kwani bakteria waliokosa hewa humo wameshaoza.

9. Sasa wageni. Wakiuliza, "Hawa ni wa baharini?" jibu, "Wametoka mbali," kisha mwite mtoto alete soda. Usiseme ndiyo, maana kuna mjomba mmoja aliyekulia Kilifi atakayeonja maji kwa kidole.

10. Baada ya miezi utaona jike haji kula, taya limejaa. Ana mayai mdomoni, na atafunga hivyo takriban wiki tatu mpaka watoto watoke. Wageni waonyeshe hilo. Hakuna sofa inayoshindana nalo. Watoto wakizidi, wagawie wafugaji wenzako, hata wale wasiokuwa na uhitaji. Katika Mto Ruiru au Chania usitie hata mmoja. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, akawala furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, na aina zao nyingi hazionekani tena. Ukikosa wa kumpa, waache na wazazi wao, watapunguzwa humohumo.