Simba Aliyekaa Kitako

Jaji alikuwa ameinama na kitochi chake, pua karibu iguse bawa, ndipo kitu kikabiringika ndani ya ndege yangu. Krrrrr, kutoka mbele hadi mkiani. Pua ikanyanyuka taratibu, kwa heshima zote, na modeli yangu ya Super VC10 ya East African Airways, sentimeta 36 za jasho langu, ikakaa kitako mezani kama mbwa anayesubiri mfupa. Simba aliyechorwa mkiani akabaki amejibanza kwenye kitambaa cha meza. Jaji akazima tochi, akaandika neno moja. Kanuni zinamkataza jaji kugusa kazi ya mtu, na mimi nilikuwa nyuma ya kamba, kwa hiyo ndege ikaendelea kukaa vilevile hadi walipomaliza meza zote.

"Shemeji," akaninong'oneza shemeji yangu, ambaye sikumwalika ila alikuwa na gari, "ndivyo inavyopaa?"

Alikuwa anarekodi. Kabla sijapata chai, video ilishafika kwenye kundi la familia, na shangazi yangu wa Muheza alishatuma ujumbe wa sauti: "Mwambieni asimame, wageni wamefika."

Shangazi hajui fizikia ya jambo hili, na nitamweleza hapa kwa sababu kwenye kundi hanisikilizi. VC10 ina injini nne, zote zimebanwa mkiani, mbilimbili kila upande, na juu ya mkia kuna bawa jingine dogo. Magurudumu makubwa yako chini ya mabawa. Ukiitengeneza kwa plastiki, mbele ni uwazi mtupu na nyuma ndiko kuliko na vipande vyote, hivyo uzito unaangukia nyuma ya magurudumu na ndege inakaa. Dawa yake ni kuweka uzito puani kabla hujafunga mwili, na kadiri unavyousogeza mbele ndivyo unavyofanya kazi zaidi, maana huo ni mzani tu, na magurudumu ndiyo mhimili. Mimi niliweka chubwi, risasi halali ya kuvulia samaki.

Sasa gundi. Gundi ya plastiki hainati kama ya karatasi. Inayeyusha nyuso mbili za plastiki zikaingiana, na ikikauka huna tena vipande viwili, una kimoja. Ni jambo zuri mno. Kuna jioni nimeunganisha vipande ambavyo havikuwa na haja ya kuunganishwa ili tu nione mstari ukipotea. Lakini risasi haiyeyuki kwa gundi hiyo. Lazima utumie supaglu, ambayo hugandishwa na unyevu wa hewani, ikawa ngumu kuliko kucha, na ngumu maana yake inavunjika. Ivute, itakushinda. Igonge, inaachia. Na saa tatu asubuhi bwana mmoja mwenye begi la mgongoni, akikimbilia meza ya vifaru, aliipiga meza yetu kwa nyonga. Sikumuona usoni. Begi lake naweza kulitambua hata mahakamani.

Mtu atauliza: kwa nini waungwana wa Weybridge, Uingereza, walioiunda VC10, waliweka injini zote nyuma? Jibu ni Nairobi. Kweli kabisa. Shirika la ndege la Uingereza la wakati ule, BOAC, lilitaka ndege ya kuruka kutoka viwanja vya joto na vya mwinuko: Kano, Nairobi, Johannesburg. Nairobi iko zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na ikipata joto inazidi kuwa nyepesi; bawa linabeba kidogo, injini inasukuma kidogo, na njia ya kurukia inaisha kabla ndege haijaamua. Kwa hiyo wakaliacha bawa tupu, bila injini yoyote, ili vipande vyote vinavyoongeza nguvu ya kunyanyua wakati wa kuruka vienee kutoka shinani hadi nchani. Ikaruka mara ya kwanza mwaka 1962. Halafu viwanja vikarefushwa, Boeing nazo zikaweza kutua hukohuko, na VC10 zikaishia 54 tu. Lakini naomba ieleweke kwamba ndege yangu ilikaa kitako kwa ajili ya Embakasi, uwanja wa Nairobi.

Ningeyameza hayo yote kama isingekuwa mambo ya asubuhi, mezani pa usajili. Mama mmoja mpole, miwani imening'inia kifuani, aliisoma fomu yangu, akamtazama simba, akaniuliza kama shirika hili nimelitunga mwenyewe. Nikasema hapana, lilikuwepo. Akatabasamu kwa huruma, akapiga mhuri: Ndege za Kubuni.

Kipengele hicho kipo, na kina watu wake. Ni cha wale wanaotengeneza yale ambayo yangeweza kuwepo: Spitfire yenye injini ya jeti, helikopta ya dola iliyokufa kabla helikopta haijazaliwa. Ndipo waliponiweka, katikati ya hizo mbili.

East African Airways ilianzishwa mwaka 1946. Kuanzia 1966 ilipokea Super VC10 tano, zikaenda London na kurudi, usajili umegawanywa kindugu: 5X za Uganda, 5H za Tanzania, 5Y ya Kenya. Moja, 5X-UVA, ilipata ajali ikijaribu kupaa Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, wakafa watu 43. Ndege za kubuni haziui mtu. Na mwaka 1977 wakubwa wetu walipogombana, shirika likafa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wafanyakazi wake wakazeeka wakizunguka mahakamani kudai mafao. Wao nao walikuwa wa kubuni?

Ngoja, halijaisha. Upande wa pili wa ukumbi, kwenye kipengele cha ndege halisi, kulikuwa na VC10 ya kijivu ya jeshi la anga la Uingereza, ile ya kujazia wenzake mafuta angani, nambari ZA150. Kazi safi, siwezi kumnyima mtu haki yake. Hata stika zake za maji zilikaa bila ule weupe wa hewa iliyonaswa chini, unaomfanya jaji anune. Ikashika nafasi ya pili. Sasa basi: ZA150 ndiyo 5H-MOG. Shirika lilipokufa, Super VC10 nne zilizobaki zilirudi Uingereza, wakazifunga mipira ya mafuta na kuzipaka rangi ya jeshi. 5H-MOG ilikuwa VC10 ya mwisho kabisa kuundwa, na ndiyo niliyoitengeneza mimi. Chuma kilekile. Ikivaa kijivu inapewa cheti, ikivaa simba ni hadithi. Nilimweleza mwenye nayo. Akanipa mkono, akasema hilo linavutia sana, akaendelea kula sandwichi.

Mengine madogo. Tairi la mbele liliwahi kuruka kutoka kwenye kibano likaingia zuliani, na mashine ya kufyonza vumbi ikaliwahi. Kioo cha rubani kilipata ukungu wa mvuke wa supaglu. Wakati wa kurudi shemeji aliweka begi lake juu ya boksi langu.

Halafu nimezisoma kanuni. Atakayebishiwa kipengele anaruhusiwa kuweka picha ya ndege yenyewe kando ya modeli. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama mama, baba au babu yako alifanya kazi East African, na kwenye sanduku pale kwenu kuna picha ya rangi ya Super VC10, hata iliyokunjika, ipige nakala leo unitumie, kabla ya mchwa. Hasa ubavu wa kulia, mkia uonekane wote. Maonyesho makubwa ya modeli ya Telford, Uingereza, ni kila Novemba, na safari hii fomu nitaijaza mbele ya mashahidi.