Muulize Shangazi: Likizo ya Bosi

*Shangazi, nakaanga tilapia hapa Kamere Beach, Naivasha, na mtoto wa miezi miwili mgongoni. Jirani yangu wa ploti anakata waridi kwenye shamba la maua. Tulijifungua wiki moja, lakini yeye yuko nyumbani na mshahara unaingia. Mimi nilirudi kwenye karai baada ya wiki mbili. Nilikosea wapi?* – Mama Karai

Mwanangu, ulikosea siku ulipoamua kuwa bosi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa jirani yako miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na mumewe, kama ameajiriwa, wiki 2. Nawe fuata utaratibu. Andika barua ya kuomba likizo, iweke chini ya ndoo ya unga, kesho yake ifungue kwa sura ya kibosi. Utakuta mwajiri wako ni mtu mwema sana: anakupongeza kwa mtoto, anakuombea heri, ila samaki wa leo wameshanunuliwa kwa wavuvi na hawatajikaanga. Ukitaka kumpeleka kortini, mawakili wa pande zote mbili utawalipa wewe.

Sasa mzaha kando, kwa sababu mafuta ya moto hayajui mzaha. Huyo mtoto akianza kutambaa, mgongo hautamtosha. Atawafuata wale korongo wanaogombania matumbo ya samaki pale ufuoni. Ongea na mwenzako wa kibanda cha pili mpokezane, mmoja kwenye karai, mwingine kwa watoto. Na chama chenu, ambacho hadi leo kimewanunulia sufuria peke yake, kitenge fungu la mama aliyejifungua. Miezi 3 hamtaiweza. Wiki 6 mnaziweza, nimewapigia hesabu.

*Shangazi, mimi ni kinyozi. Tangu Januari mke wangu anachelewa kutoka shambani kwa sababu ya oda za Valentine. Mtoto wetu wa chekechea (PP1) akitoka shule anashinda kwangu, na kila mteja anauliza mama yake yuko wapi.* – Baba PP1

Wajibu kwamba mama yake anawakatia Wazungu waridi ili wapendane tarehe 14 Februari. Ila jibu ukiwa umefika katikati ya kichwa. Mtu aliyenyolewa nusu husikiliza kwa makini. Mteja huyohuyo akivuka barabara kununua sukuma, atamkuta mwenye kibanda na watoto wawili miguuni, wala hatamuuliza baba yao yuko wapi.

Kuhusu biashara: funga saa tisa, mlishe mtoto, mlaze kidogo. Fungua tena jioni mabasi ya mashamba yanaposhusha watu. Mchana hapo Kamere unamnyoa nani, wakati vichwa vyote viko ndani ya grinihausi?

*Shangazi, nilikopa Hustler Fund, ule mfuko wa mikopo wa serikali, niongeze stoki ya nguo za watoto. Kesho yake mwanangu akarudishwa nyumbani, pesa ya chakula cha shule. Unajua zilikoenda.* – Muuza Mitumba

Najua. Mkopo wenyewe unataka kurudishwa ndani ya siku 14, na mtoto anakula muhula mzima, kwa hiyo hapo umeoanisha punda na pikipiki. Stoki ndiyo ikopewe. Chakula cha shule kitolewe kidogokidogo kwenye mauzo ya kila siku, na kikae kwenye laini nyingine ya simu ambayo namba yake wauza marobota hawana. Kisha nenda ukamwone mwalimu mkuu kabla hajakuona. Mzazi anayefika bila kuitwa huongezewa muda.

*Shangazi, mwanangu wa miaka mitatu anakula mandazi ya kuuza.* – Hasara Tupu

Mwandike kwenye daftari la madeni kama wengine. Wale wengine wakihamia shamba lingine husikii tena habari zao, lakini huyu angalau unajua analala wapi.