Barua ya wazi kwa wakubwa wa kahawa: kamateni bei

Hongereni kwa msako wa kahawa ya Kagera inayotorokea Uganda. Inatia moyo kuona dola yenye shughuli nyingi ikipata nafasi ya kuvizia gunia la kahawa ya maganda usiku wa manane karibu na mpaka wa Mutukula. Ila gunia hilo mbona halitoroki kuja huku? Njia za panya ni zile zile, na hakuna anayejitwika mzigo gizani kwa kupenda umande. Uganda ililegeza soko lake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mnunuzi hufika na fedha mkononi. Kwetu, agizo la 2018 liliipeleka kahawa yote ushirikani: chama cha msingi, chama kikuu, kukobolewa, mnada, makato kila kituo, kisha mkulima angojee malipo ya pili. Malipo hayo huitwa majaliwa, na aliyeyapa jina hakukosea. Shule hufunguliwa Januari bila kuuliza tarehe ya mnada. Ndiyo maana watu huuza butura, kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa. Nanyi hili mnalijua, la sivyo msingepunguza tozo na kusogeza minada Kagera.

Mtajibu kwamba bila kulazimisha, walanguzi watammaliza mkulima. Hofu hiyo si ya bure. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa katikati ya miaka ya 1990, kahawa safi na mbovu zilichanganywa kwa bei moja, na aliyeosha buni kwa uangalifu akaonekana mjinga. Lakini hiyo ni hoja ya kutetea ushirika mzuri, si kizuizi cha barabarani. Mkoloni naye alilazimisha kahawa ya Kilimanjaro ipitie KNCU, chama kikuu cha ushirika cha huko. Mwaka 1937 wakulima wakavamia maghala ya vyama vyao wenyewe. Halafu mwaka 1976 serikali, bila kumuuliza mkulima, ikavifuta vyama vikuu vyote, ikavirudisha kwa sheria ya 1982, na leo inashangaa mapenzi yamepungua.

Chama kikilipa taslimu penye mizani, na kukopesha kidogo wakati wa maua, mnunuzi wa butura atakosa wa kumuuzia. Vijana wa vizuizini msiwaachishe kazi. Wapeni mikasi, mibuni mingi haijapogolewa.